Shekhar Mehta: Bingwa wa Safari aliyepatikana kwa kanuni

Hebu jiweke hapa: uko Bongwe, juu ya bodaboda, unaelekea Ukunda kwa njia ya vumbi. Mbele yako kuna lori. Vumbi limetanda, huoni kitu, na moyo unakuambia ovateki. Je, unapita au unangoja? Na huyo wa mbele, anapaswa kukupisha, au njia ni yake kwa sababu alitangulia?

Kila mchezo wa magari una jibu lake. Kama unapenda drifti, unajua mambo yanavyokwenda wakiingia wawili: wa mbele anachora njia, wa nyuma anamfuata karibu kabisa, gari likiwa limelala ubavu. Wa nyuma haji pale kuovateki. Akimpita mwenzake ambaye hajakosea, anajiharibia mwenyewe. Na majaji wakishindwa kuwatenganisha, wanawaambia warudie.

Kwenye rali ni kinyume. Unashindana na saa, na ukifikiwa na aliye nyuma yako, unampisha. Kumfungia mwenzako kwenye vumbi lako si ujanja, ni kumwibia dakika.

Sasa fikiria rali imeisha na wawili wako sare. Utawaambia warudie maelfu ya kilomita? Haiwezekani. Hali hiyo ndiyo iliyomkuta Shekhar Mehta mwaka 1973.

Mehta alizaliwa Uganda mwaka 1945, katika familia tajiri yenye asili ya Kihindi. Alianza rali mwaka 1966, akiwa kijana tu. Mwaka 1971 alimaliza wa pili kwenye Safari Rally, nyuma ya Edgar Herrmann, wote wakiendesha Datsun 240Z. Nyumbani Uganda, mwaka huohuo Idi Amin alitwaa mamlaka. Mwaka 1972 akawapa Waasia siku 90 waondoke nchini. Mtu aliyezaliwa pale, aliyeishi pale, akaambiwa pale si pake. Familia ya Mehta ikahamia Kenya.

Safari ya siku zile haikuwa kama hii unayoiona Naivasha, ambapo barabara hufungwa na kila mtu hukimbia peke yake. Ilikimbiwa kwenye barabara za kawaida, zenye ng'ombe, malori na mabasi. Ulipewa muda wa kufika kituo fulani. Ukichelewa dakika moja, unahesabiwa adhabu ya dakika moja. Mwenye adhabu chache mwishoni ndiye mshindi. Kwa kuwa hesabu ilikuwa ya dakika nzima, si sekunde, sare iliwezekana hata baada ya siku kadhaa za mbio.

Na Pasaka ya 1973 ikatokea kweli. Mehta, akiwa na mwelekezi wake Lofty Drews katika Datsun 240Z, alimaliza na adhabu sawasawa na Harry Källström wa Sweden, aliyekuwa kwenye Datsun 1800 SSS. Kampuni moja, adhabu sawa, na kombe ni moja. Källström hakuwa mtu wa kubahatisha. Mwaka 1969 alikuwa bingwa wa Ulaya. Tena huo ndio mwaka wa kwanza wa Mashindano ya Rali ya Dunia, kwa hivyo jina la mshindi lilikuwa na uzito.

Waandalizi hawakurusha shilingi, wala hawakuuliza nani ni mwenyeji na nani ni mgeni. Walifungua kanuni. Ilisema hivi kwa ufupi: wakilingana, mshindi ni yule aliyekwenda mbali zaidi tangu mwanzo kabla ya kupata adhabu yake ya kwanza. Wakahesabu. Mehta ndiye aliyekaa safi kwa masafa marefu zaidi. Kombe likawa lake, akiwa na miaka 27.

Pengine unasema, ah, huo ni ushindi wa karatasi. Lakini itazame vizuri kanuni ile. Iliandikwa kabla gari la kwanza halijaondoka, na aliyeiandika hakujua itamfaa nani. Källström angeweza kushinda kwayo vilevile, kama angedumu safi zaidi. Linganisha na ile amri ya Uganda, iliyotoka watu wakiwa tayari wamejenga maisha yao, ikijua vizuri inamlenga nani. Ndani ya miaka miwili kijana huyu alionja yote mawili: sheria inayochagua watu, na sheria inayopima kazi.

Hata hivyo, kanuni inaweza kukupa kombe, haikupi heshima yote. Hiyo aliitafuta barabarani. Mwaka 1979 alishinda Safari tena, safari hii akiwa na Mike Doughty kwenye Datsun 160J. Akarudia 1980. Akarudia 1981. Akarudia 1982. Ushindi wa mara nne mfululizo, jambo ambalo hakuna dereva mwingine amelifanya kwenye Safari, na jumla ya mara tano. Mashindano mengine nje ya Kenya alikimbia na mkewe, Yvonne, akiwa mwelekezi wake.

Mwaka 1987 alipata ajali mbaya kwenye Rali ya Mafarao nchini Misri, na ikamaliza safari yake ya udereva. Wengi wangeishia hapo, kusimulia makombe. Yeye alihamia upande wa pili wa meza: akaingia kwenye uongozi wa FIA, shirikisho la michezo ya magari duniani, na kuongoza kamisheni yake ya rali. Aliyeshinda kwa kanuni sasa akawa miongoni mwa wanaozitunga. Alifariki London mwezi Aprili 2006.

Basi wewe na wenzako mkipata uwanja uliofungwa na ruhusa ya kushindana, iwe ni magari, pikipiki au hata baiskeli, msianze na injini. Anzeni na maswali. Nani anampisha nani? Mkigusana, kosa ni la nani? Mkitoka sare, mnafanyaje? Yajibuni na kuyaandika wakati hakuna anayejua atakuwa mbele, kwa sababu vumbi likishatimka kila mtu atataka jibu linalomfaa yeye. Na barabarani, pale nyuma ya lori, hakuna kombe. Ngoja vumbi litulie, uone mbele, ndipo upite.