Wilbur Wright na Sanduku la Tyubu
Na Mwanafunzi wa Kidato cha IV

Muhula huu baadhi yetu bwenini tumekuwa tukiunda ndege za karatasi zenye mabawa mawili, moja juu ya jingine, kwa manila na gundi ya unga. Mwili wa ndege ni kazi ya jioni moja tu. Mabawa ndiyo yaliyotutoa jasho. Yangu yamepinda mara tatu. Basi nikatafuta habari za mtu aliyeunda mabawa ya namna hiyo hata yakamchukua mtu hewani, nami nawasimulia wasomaji wa gazeti letu maisha yake.

Wilbur Wright alizaliwa tarehe 16 Aprili, 1867, karibu na Millville katika jimbo la Indiana, Marekani. Baba yake alikuwa askofu, mtu wa safari nyingi. Mama yake, Susan, ndiye aliyekuwa hodari wa zana pale nyumbani. Mwaka 1878 baba alirudi safarini na kitu cha kuchezea kilichofanywa kwa karatasi na mwanzi, kilichorushwa kwa mpira uliosokotwa. Wilbur na mdogo wake Orville walikichezea hata kikavunjika, kisha wakaunda vingine. Wakaona ajabu: kadiri walivyokifanya kikubwa, ndivyo kilivyozidi kukataa kuruka.

Wilbur alifanya vizuri shuleni, ikatumainiwa aende Chuo Kikuu cha Yale. Lakini alipokuwa na miaka 18 alipigwa usoni kwa gongo katika mchezo wa juu ya barafu, akapoteza meno. Jeraha likapona, ila moyo haukupona upesi. Chuoni hakwenda tena. Alikaa nyumbani akimwuguza mama yake, mgonjwa wa kifua kikuu, hata alipofariki mwaka 1889. Nami ninayengoja mtihani sipendi kuifikiri sana sehemu hii ya habari.

Mwaka 1892 ndugu hao walifungua duka la baiskeli mjini Dayton, jimbo la Ohio. Miaka minne baadaye ilifika habari kwamba Otto Lilienthal, Mjerumani aliyekuwa akiteleza hewani kwa mabawa bila injini, ameanguka akafa. Wilbur akaanza kusoma kila alichopata juu ya kuruka. Aliona kwamba shida kubwa ni mizani: upepo ukiinua bawa la upande mmoja, mtu afanyeje? Ndege wa angani hupinda ncha za mabawa yao. Lakini bawa la miti na kitambaa utalipindaje lisivunjike?

Jibu alilipata dukani mwezi wa Julai, 1899. Alikuwa akizungumza na mteja aliyekuja kununua tyubu, na mkononi ameshika sanduku la karatasi ngumu, refu na jembamba, ambalo tyubu ilitoka ndani yake. Akawa analisokota bila kufikiri, upande huu mbele, upande huu nyuma. Ghafula akaona uso wa juu na uso wa chini wa sanduku ni mabawa mawili, yanapinda pamoja, na sanduku lenyewe halilegei. Akaunda tiara ya mabawa mawili yenye upana wa futi 5, akaiongoza kwa kamba. Iliposhuka kwa kasi, watoto waliokuwa wakitazama walilala kifudifudi.

Miaka ya 1900 na 1901 ndugu hao walikwenda Kitty Hawk, pwani ya North Carolina, penye mchanga na upepo mwingi. Mabawa yao yaliinua uzito mdogo kuliko majedwali ya vitabu yalivyoahidi. Wilbur alirudi nyumbani amekata tamaa kabisa, akidhani hatamwona mtu akiruka katika maisha yake. Hata hivyo walitengeneza sanduku la mbao lenye urefu wa futi 6, wakatia feni upande mmoja, wakapima ndani yake vibawa vya bati yapata 200 vya kila umbo. Mizani yao ilikuwa ya spoku za baiskeli na vipande vya msumeno wa chuma! Wakagundua kuwa bawa refu na jembamba lashinda fupi na pana. Mwaka 1902 waliunda mabawa ya futi 32 kwa vipimo vyao wenyewe, na wakateleza hewani mara zaidi ya 700.

Kisha wakatia injini. Tarehe 14 Desemba, 1903, walirusha sarafu. Wilbur akashinda, akapanda, akaangusha chombo mara moja. Kwa hiyo tarehe 17 ilikuwa zamu ya Orville, naye akaruka sekunde 12. Safari ya nne siku hiyo ilikuwa ya Wilbur: sekunde 59, futi 852. Baadaye kidogo upepo ulipindua chombo, ukakivunja, nacho hakikuruka tena.

Mwaka 1908 Wilbur aliruka Le Mans, Ufaransa, mbele ya watu waliokuwa wakimwita mwongo. Hakuoa. Alifariki tarehe 30 Mei, 1912, kwa homa ya matumbo, akiwa na miaka 45. Orville aliishi hata mwaka 1948, na mwaka huohuo chombo cha 1903 kiliwekwa katika makumbusho ya Smithsonian mjini Washington. Kitambaa cha mabawa yake si kile cha kwanza. Kimebadilishwa zaidi ya mara moja.