Von Götzen: Mjerumani aliyepita Masisi na Walikale kwa miguu, na meli ya vita iliyoacha jina lake

Kigoma, upande wa Tanzania wa Ziwa Tanganyika, kuna meli ya chuma iliyozaliwa Ujerumani mwaka 1913 na ambayo mafundi wameirudia mara nyingi kuliko chombo chochote katika ukanda huu. Ni MV Liemba. Baada ya kusimama kwa miaka kadhaa, serikali ya Tanzania imeamua kuikarabati tena badala ya kuiuza kama chuma chakavu. Wakongo wa mashariki wanaifahamu, hasa waliorudi nyumbani kupitia Uvira mwaka 1997.

Lakini ni wachache Masisi na Walikale wanaojua kwamba mtu ambaye meli hii ilibeba jina lake mwanzoni aliwahi kupita kwao, miaka 19 kabla meli haijaundwa.

Gustav Adolf von Götzen alizaliwa tarehe 12 Mei 1866 katika kasri la Scharfeneck, jimbo la Silesia, eneo ambalo leo ni Poland. Alikuwa mtoto wa ukoo wa makabaila. Alisomea sheria, kisha akaingia jeshini kama ofisa wa wapanda farasi. Akiwa bado kijana alikwenda Kilimanjaro kuwinda, na safari hiyo ndiyo iliyomtia hamu ya Afrika.

Desemba 1893 aliondoka Pangani, pwani ya Tanzania ya leo, akiwa na Wajerumani wenzake wawili, von Prittwitz na daktari Kersting, pamoja na mamia ya wapagazi na askari. Mei 2, 1894 walivuka mto kwenye maporomoko ya Rusumo na kuingia Rwanda, ambako Götzen alipokewa na Mwami Kigeli Rwabugiri. Kutoka hapo akaelekea kwenye milima ya moto. Mwezi Juni alipanda Nyiragongo na kuchungulia shimo lake, akiwa Mzungu wa kwanza kufanya hivyo, kisha akashuka hadi Ziwa Kivu.

Angeweza kurudi alikotoka. Badala yake aliamua kwenda magharibi mpaka Mto Kongo.

Hapo ndipo historia yake inapoingia kwetu. Kutoka kaskazini mwa Ziwa Kivu hadi Mto Lowa, mtu atapanda milima ya Wahunde, ambayo leo ni Masisi, halafu atateremka kwenye msitu wa Wanyanga na Wakumu upande wa Walikale. Anayejua barabara ya kutoka Sake kwenda Masisi-kati wakati wa mvua, malori yakiwa yamezama kwenye tope, anaweza kukisia hali ilivyokuwa bila barabara yoyote. Msafara ulitoka milima yenye baridi ukaingia msitu ambao jua halifiki chini, na njia ilibidi ikatwe kwa panga. Wapagazi wa pwani hawakuwa wamezoea kimojawapo.

Walifuata Lowa mpaka ilipowafikisha Mto Kongo tarehe 21 Septemba 1894. Mwishoni mwa Novemba, Götzen alifika Bahari ya Atlantiki. Alikuwa na umri wa miaka 28, na mwaka uliofuata alichapisha kitabu juu ya safari hiyo kilichompa sifa kwao. Wapagazi waliobeba masanduku yake milimani hawakupewa kurasa nyingi humo, ingawa bila migongo yao asingevuka hata Rusumo.

Baada ya hapo alifanya kazi ya ubalozi Washington, na mwaka 1898 alifuata jeshi la Marekani Cuba kama mtazamaji wa vita dhidi ya Hispania. Mwaka 1901 alirudi Afrika akiwa gavana wa Afrika Mashariki ya Kijerumani, makao yake Dar es Salaam.

Sifa ya mpelelezi inaishia hapo. Chini ya utawala wake wanakijiji walilazimishwa kulima pamba kwenye mashamba ya pamoja, kwa malipo madogo mno, huku wakidaiwa kodi. Julai 1905 watu wa milima ya Matumbi walikataa, na upinzani ukaenea kusini mwa koloni: hii ndiyo Vita ya Maji Maji. Kinjikitile Ngwale, aliyetoa maji yaliyoaminika kuzuia risasi, alinyongwa mwezi uliofuata. Mwanzoni gavana alikuwa na askari wachache, akaomba msaada Berlin. Baadaye jeshi lake lilitumia silaha nyingine, njaa. Vijiji vilichomwa, mazao yakaharibiwa, maghala yakatiwa moto.

Makadirio ya waliokufa, wengi kwa njaa, yanatofautiana kutoka 75,000 waliotajwa na Wajerumani hadi 300,000 wanaotajwa na baadhi ya wanahistoria. Götzen aliondoka mwaka 1906 vita ikiwa haijaisha, akaja kuandika kitabu kingine, safari hii cha kueleza uasi huo kwa macho yake. Alikufa Berlin Desemba 1910, akiwa na miaka 44.

Hakuiona meli. Kiwanda cha Meyer cha Papenburg kiliiunda mwaka 1913 na kuipa jina la Graf von Götzen, yaani jina lake na cheo chake cha kikabaila, kisha kikaifungua vipande vipande. Vipande viliwekwa katika masanduku 5,000, vikasafiri kwa meli hadi Dar es Salaam, halafu kwa reli na mabegani mwa watu hadi Kigoma. Ilishushwa majini Februari 5, 1915, vita kuu ya kwanza ikiwa tayari imefika ziwani. Ikafungwa mizinga.

Wabelgiji, waliokuwa ng'ambo upande wa Kongo, walijibu kwa kitu ambacho watu wa ziwa hawakuwahi kukiona: ndege. Zilikuwa nne, za aina ya Short, mbao na turubai, zenye vyelezo vya kutulia majini. Walizikopa kwa Waingereza, zikaletwa nazo ndani ya masanduku kwa mto na reli, na kuungwa karibu na Mtoa, kaskazini mwa Kalemie ya leo. Kurusha ndege za namna hiyo katika joto la Tanganyika kulikuwa bado ni majaribio. Watu wa Walikale, waliozoea ndege za madini kutua juu ya barabara pale Kilambo, huenda ndio wanaoelewa zaidi ujasiri wa aina hiyo. Juni 1916 rubani Aimé Behaeghe alivuka ziwa na kuangusha mabomu Kigoma. Kabla mwaka haujaisha alikufa kwa ugonjwa huko Niemba.

Ndege hazikuizamisha Götzen. Wajerumani wenyewe ndio walioizamisha, Julai 26, 1916, walipoona Kigoma inaponyoka. Mafundi wa kiwanda cha Meyer waliokuja kuiunga walipaka injini grisi nzito, wakaijaza mchanga, wakaishusha taratibu karibu na mdomo wa Mto Malagarasi. Mtu anayetaka kuharibu hapaki grisi. Walitarajia kurudi.

Hawakurudi. Wabelgiji waliiopoa baada ya vita, lakini dhoruba ikaizamisha tena bandarini Kigoma. Waingereza wakaitoa Machi 16, 1924, na walipofungua injini walikuta grisi imefanya kazi yake: baada ya miaka karibu minane, mitambo ya mvuke ilikuwa bado inafaa kutumika. Mei 16, 1927 meli ikaanza safari upya. Chuma kilikuwa kilekile, injini zilezile. Kilichobadilishwa ni jina, ikaitwa Liemba, jina la zamani la ziwa hilo. Mitambo ya mvuke iliondolewa miaka ya 1970 na kuwekwa ya dizeli, na katika miaka ya 1990 ikakarabatiwa tena.

Kazi yake kubwa kwa Wakongo ilikuja mwaka 1997, Mobutu alipoanguka. Shirika la UNHCR liliikodi kuwarudisha waliokimbilia Tanzania: safari 22 kati ya Kigoma na Uvira ndani ya miezi mitano, zaidi ya watu 75,000. Mei 2015 ilikwenda Kagunga kuwachukua Warundi waliokuwa wakikimbia upande wa pili.

Ukarabati wa sasa una mvutano wake. Wapo wanaotaka ibaki meli ya abiria na mizigo, kwa sababu vijiji vingi vya ufukweni havina barabara ya maana, na wapo wanaoiona zaidi kama kumbukumbu ya kuonyesha watalii. Kwa mkulima wa Kirando au Kasanga mwenye magunia ya kupeleka sokoni, jambo la kwanza ni siku itakayong'oa nanga. Ubavuni mwake itakuwa imeandikwa Liemba.