Charles Goodyear na mpira

Charles Goodyear alizaliwa mwaka 1800 katika mji wa New Haven, huko Marekani. Alifanya biashara ya vyombo vya chuma pamoja na baba yake, lakini biashara ikaanguka, nao wakabaki na madeni.

Siku zile watu wa Marekani walipenda mpira, utomvu wa mti uliotoka Brazili. Walifanya viatu na makoti yasiyopitisha maji. Lakini mpira ule ulikuwa na kilema. Wakati wa baridi ulikuwa mgumu kama ubao, ukiukunja, unapasuka. Wakati wa joto kali ulilainika, ukanata mikononi na kunuka vibaya. Wenye viwanda wakapata hasara kubwa.

Goodyear akataka kuuponya mpira. Hakujifunza elimu ya madawa. Aliukanda tu kwa mikono, akautia unga huu na unga ule. Hata gerezani aliukanda, maana alifungwa mara nyingi kwa sababu ya deni. Mara moja alifanya mifuko 150 ya posta, akafikiri amefaulu. Joto likaja, mifuko yote ikaharibika. Nyumbani njaa iliingia. Akauza hata vitabu vya shule vya watoto wake.

Mwaka 1839, huko Woburn, kipande cha mpira kilichotiwa kibiriti cha unga kiligusa jiko la moto. Hakikuyeyuka! Kiliungua kama ngozi, na kando ya pale palipoungua kilikuwa chororo, tena kizima. Usiku akakipigilia msumari nje kwenye baridi kali. Asubuhi akakivuta: kikavutika, kikarudi. Watu husema ilikuwa bahati. Lakini mtu mwingine angekitupa.

Siku hizi sababu inajulikana. Ndani ya mpira mna nyuzi ndefu, ndogo mno, zisizoonekana kwa macho. Katika mpira mbichi, joto likizidi, nyuzi hizo huteleza na kuachana. Kibiriti kikipikwa nazo huzifunga pamoja kama wavu wa mvuvi. Basi ukiuvuta mpira, wavu unapanuka, ukiuacha, unarudi.

Mwaka 1844 serikali ya Marekani ikampa Goodyear hati ya kazi yake. Hata hivyo wengi waliiiga bila kumlipa, akawashitaki miaka mingi. Alikufa New York mwaka 1860, akiacha deni la dola 200.000 hivi. Kiwanda cha magurudumu chenye jina lake kilianzishwa mwaka 1898. Yeye hakukijua.