Leo Kanner: Tabibu Aliyewasikiliza Wasiojibu

Hapa Busia, kwenye mpaka huu wetu na Uganda uliolizaa neno boda-boda, ulimi ndio mtaji. Msafiri huulizwa atokako na aendako, na mfanyabiashara humvuta mteja kwa maneno: Kiswahili, Kisamia, Kiteso, Kiluganda. Mtoto asiyejibu huonekana upesi. Nasi Waislamu, ambao kwetu kutoa salamu ni sunna na kuirudisha ni wajibu, hatukawii kusema kuwa hana adabu, na kwamba mamake hakumlea. Nimewaona kina mama wakiinamisha vichwa kwa maneno hayo. Ndiyo maana leo nasimulia maisha ya tabibu Leo Kanner.

Bwana huyu alizaliwa mwaka 1894 katika kijiji cha Klekotów, kilichokuwa chini ya dola ya Austria na ambacho leo kimo Ukraine. Alisomea udaktari Berlin, akahamia Marekani mwaka 1924, na mwaka 1928 akaingia hospitali ya Johns Hopkins mjini Baltimore, ambako alijitolea kutibu watoto.

Mwaka 1943 alitoa makala juu ya watoto 11, wavulana 8 na wasichana 3, wenye hali tuiitayo sasa usonji. Wanane walipata kusema, watatu hawakupata. Lakini hao waliosema hawakusema kama sisi. Aliyetaka kitu alilirudia swali aliloulizwa, kwa sauti ile ile, akijiita wewe badala ya mimi. Kwa lugha yetu ni kama mtoto aseme wataka maji, kumbe kiu ni yake. Wengine walilishika neno kama lilivyotamkwa, bila kulipa maana ya pili.

Mwaka 1946 Kanner aliandika tena, akionyesha kuwa maneno yao yaliyodhaniwa ni upuuzi yalikuwa na asili yake. Mara nyingi neno lilitoka katika jambo lililompata mtoto zamani, na aliyelijua jambo hilo alilielewa neno.

Hata hivyo aliwahi kuandika pia kuwa wazazi wa watoto hao walikuwa watu baridi. Wengine walilishika hilo, na kina mama wakalaumiwa miaka mingi. Mwaka 1969 alisimama mbele ya mkutano wa wazazi huko Marekani, akawatoa lawamani hadharani. Alifariki mwaka 1981. Leo wataalamu wanajua kuwa usonji hautokani na malezi mabaya.

Basi ukimsalimu mtoto naye akairudia salamu yako neno kwa neno, au akanyamaza asikutazame, usikasirike. Huenda hilo ndilo jibu lake. Mwulize kwa maneno machache, umwonyeshe kitu chenyewe kwa mkono, kisha umngoje. Mtoto mdogo kalamu haijamwandikia dhambi. Tusimwandikie sisi, wala mamake.