Beryl Markham: Binti wa Njoro Aliyehitimu Urubani

Neno rubani sisi watu wa pwani hatukulipata kwenye uwanja wa ndege. Tulikuwa nalo tangu enzi za majahazi, na maana yake ilikuwa yule mjuzi wa njia, azijuaye nyota na miamba, ambaye nahodha humkabidhi chombo na roho za watu. Ndege zilipokuja neno likapanda angani, lakini sharti lake halikubadilika: ushujaa pekee haumfanyi mtu kuwa rubani. Lazima afunzwe. Mwanamke tunayemzungumza leo dunia humsifu kwa uhodari wake. Sisi tunaona apaswa kusifiwa zaidi kwa kusoma kwake. Naye ni marehemu Beryl Markham.

Alizaliwa Uingereza tarehe 26 Oktoba, 1902, akaletwa Kenya angali mtoto mdogo. Baba yake, Charles Clutterbuck, alikuwa na shamba la farasi na vinu vya kusaga nafaka huko Njoro, kando ya msitu wa Mau. Msomaji asiyezoea bara na aelewe kwamba ukitoka Njoro ukapanda Molo, ukavuka Mau na kupita Londiani, unaingia Kericho, na mbele yake Bomet. Hiyo ndiyo nchi ya Wakipsigis, ambako leo vilima vimetandikwa majani ya chai mpaka macho yanachoka. Katika utoto wa Beryl mandhari hayo yalikuwa bado. Makampuni makubwa yalianza kilimo hicho Kericho katika miaka ya 1920.

Mama yake hakuyaweza maisha ya bara, akarejea kwao na kumwacha binti kwa baba. Basi mtoto yule akakua pamoja na watoto wa Kinandi na Kikipsigis waliokuwa wakiishi shambani. Alijua lugha yao na Kiswahili pia, akajua kutupa mkuki na kufuata nyayo za ngiri. Rafiki yake mkubwa alikuwa kijana Kibii, ambaye alipotiwa jandoni na kuwa mtu mzima aliitwa arap Ruta. Jina hilo msomaji alikumbuke, maana tutalirudia.

Baba yake alipofilisika akahamia Peru, naye Beryl hajatimiza miaka 20. Hakumfuata. Alikwenda Molo, akaanza kufunza farasi wa mashindano, akawa mwanamke wa kwanza Kenya kupewa leseni ya kazi hiyo. Mwaka 1926 farasi aliyemfunza, Wise Child, alishinda mbio za St Leger mjini Nairobi. Kwa hiyo alipoingia katika urubani, alikwisha jua kwamba mshindi hutengenezwa alfajiri nyingi kabla ya siku ya mashindano.

Mwalimu wake wa urubani alikuwa Tom Campbell Black, rubani wa Wilson Airways, kampuni iliyoanzishwa Nairobi mwaka 1929 na Bibi Florence Kerr Wilson. Mwalimu huyu hakuwa mtu wa maneno mengi. Beryl amesimulia kwamba siku moja alikuwa akiielekeza ndege kwenye vilima vya Ngong, naye mwalimu kanyamaza. Ndege ikawa haipandi, vilima vinazidi kukaribia, mwanafunzi hajui la kufanya. Dakika ya mwisho mwalimu akashika usukani akaigeuza. Ndipo Beryl alipofahamu kuwa upepo uvukao kilima huteremka upande wa pili na kuikandamiza ndege chini. Somo hilo angaliweza kuambiwa darasani, lakini lisingalimwingia vile.

Angali mwanafunzi, msiba ukatokea huku kwetu. Tarehe 14 Mei, 1931, Denys Finch Hatton, mwindaji mashuhuri aliyekuwa na nyumba Takaungu, alianguka na ndege yake Voi akafa pamoja na mtumishi wake. Beryl alikuwa ameombwa afuatane naye, na kwa masimulizi yake ni mwalimu Black aliyemsihi asiende. Wengine wangaliacha hapo. Yeye alirudi uwanjani kuendelea na masomo, na mwaka huo huo akaruka peke yake na kupata leseni ya kwanza.

Leseni hiyo ilimruhusu kuruka kwa matembezi yake tu. Ni kama mtoto wa chuoni aliyehifadhi juzuu amma: nyumbani watu hushangilia, lakini hakuna ampaye wanafunzi awasomeshe. Ili mtu achukue abiria na mizigo kwa malipo ilihitajiwa leseni ya pili, na hapo ndipo wengi walipokwama. Ilimbidi aweze kufungua injini, kusafisha vichujio vya mafuta na kubadilisha plagi, na afaulu mitihani ya sheria za anga na ya kutafuta njia. Kati ya masomo alikusanya saa za kuruka. Mwaka 1932 alikwenda na ndege yake ndogo peke yake mpaka Uingereza. Mwaka 1933 akahitimu, akawa mwanamke wa kwanza Kenya mwenye leseni ya urubani wa kazi.

Kazi yenyewe haikuwa na anasa. Alipeleka barua na mahitaji kwenye machimbo ya dhahabu, akawatafutia wawindaji makundi ya tembo. Simu ya upepo hakuwa nayo. Aliyetoka Nairobi kwenda Kisumu au Kakamega ilimbidi avuke nyanda za juu za Mau, ambazo mahali pengine hupita mita 3,000. Huko hewa ni nyepesi, na ndege iliyobeba mzigo hukimbia masafa marefu kabla ya kunyanyuka. Kericho nayo ni miongoni mwa mahali duniani panaponyesha mvua ya mawe mara nyingi. Asubuhi mbingu ni nyeupe, alasiri wingu limesimama kama ukuta. Rubani asiyesoma wingu huko hakai sana.

Mtihani wake mkubwa ulikuja tarehe 4 Septemba, 1936. Jioni hiyo aliondoka Abingdon, Uingereza, kuvuka Atlantiki kuelekea magharibi dhidi ya upepo, peke yake. Usiku, juu ya bahari, tangi moja likaisha na injini ikazimika. Ndege ikawa yashuka gizani kuelekea mawimbini, naye akapapasa kufungua bomba la tangi jingine, mpaka injini ikashika tena. Karibu na nchi kavu injini ikaanza kukwama kwa sababu ya barafu katika njia ya mafuta. Akatua kwa nguvu katika kinamasi huko Nova Scotia, Kanada, baada ya zaidi ya saa 20. New York alikokusudia hakufika, lakini alikuwa mwanamke wa kwanza kuvuka bahari ile peke yake kutoka mashariki kwenda magharibi. Mkono uliopapasa bomba lile gizani ulikuwa umefunzwa Nairobi.

Shangwe haikudumu. Tarehe 19 Septemba mwalimu Black alifariki Liverpool, ndege nyingine ilipoigonga yake ikiwa chini uwanjani.

Beryl alitoa kitabu mwaka 1942, ingawa wapo wanaodai kwamba mwandishi hasa ni mumewe wa tatu. Baadaye alirudi Kenya kufunza farasi, akafariki Nairobi tarehe 3 Agosti, 1986.

Tumrudie arap Ruta. Kijana huyu alifanya kazi na Beryl kwenye mazizi, kisha kwenye ndege. Waliwinda pamoja utotoni, na ujasiri wao ulikuwa mmoja. Lakini chini ya serikali ya kikoloni mlango wa urubani ulifunguliwa kwa mmoja tu. Na katika miaka hiyo hiyo, mwaka 1934, ukoo wa Talai wa Wakipsigis ulihamishwa kwa nguvu toka nchi yao ukapelekwa Gwassi. Hatumlaumu Beryl kwa sheria asizozitunga. Twasema tu kwamba sifa zake zikihesabiwa, na nafasi aliyopewa ihesabiwe pia.

Siku hizi kijana wa Bomet au wa Lamu aweza kuajiriwa na kampuni ya ndege. Huanzia kiti cha kulia, akafunzwa katika mashine inayoigiza hatari zote, injini ikizimika na moto ukiwaka, bila mtu kuumia. Kwa leseni ya juu kabisa, ile ya kapteni wa ndege kubwa ya abiria, huhitaji saa zisizopungua 1,500 za kuruka, na baada ya hapo bado mitihani haiishi. Wengi huchoka njiani wakaona wanacheleweshwa. Na wamkumbuke binti wa Njoro, aliyepewa nafasi na hakuipoteza: alianza kwa kupaka mikono yake mafuta ya injini, na ilipofika saa ya giza, elimu ile ndiyo iliyomwokoa kwa idhini ya Mola.