Edith Cavell, nesi wa Brussels

Edith Cavell alizaliwa mwaka 1865 katika kijiji cha Swardeston, karibu na Norwich, Uingereza. Baba yake alikuwa mchungaji. Alianza kusomea unesi London akiwa na miaka 30 (wazazi wenzangu mnaosema mmechelewa, mnasikia?), na mwaka 1907 akaitwa Brussels, Ubelgiji, kuongoza chuo kipya cha manesi.

Agosti 1914 vilianza Vita vya Kwanza vya Dunia, vile vile vilivyowafanya babu zetu wapagazi mpaka Kariakoo ikapata jina lake. Edith alikuwa likizo kwa mama yake. Angeweza kubaki, lakini alirudi. Tarehe 20 Wajerumani waliingia Brussels. Chuo chake kikawa hospitali ya Msalaba Mwekundu, na majeruhi wa Kijerumani walitibiwa sawa na wengine.

Wabelgiji hawakuukubali utawala huo. Walichapisha magazeti kwa siri, wakawaficha askari wa Kiingereza na Kifaransa walioachwa nyuma na majeshi yao. Novemba wawili walifika kwa Edith, akawapokea. Kwa msaada wake na wenzake, askari na vijana kama 200 walipewa malazi, vitambulisho bandia na mtu wa kuwavusha hadi Uholanzi, nchi isiyopigana.

Watoto, kwa nesi hilo si jambo jepesi. Msalaba Mwekundu ukimficha askari mzima, kesho nani atauamini ukija kumchukua majeruhi? Lakini askari wengine waliokamatwa mafichoni walipigwa risasi. Mimi nadhani aliyapima yote mawili.

Alikamatwa Agosti 1915. Mahakamani hakukana alichofanya. Mabalozi wa Marekani na Hispania walimwombea bila mafanikio. Alfajiri ya 12 Oktoba alipigwa risasi pamoja na Philippe Baucq, Mbelgiji, mchora ramani za majengo na baba wa watoto, aliyesambaza gazeti la siri La Libre Belgique. Huyu hapa Uingereza hatajwi sana. Mlishike jina lake.

Usiku wa mwisho Edith alimwambia kasisi kwamba kuipenda nchi yako peke yake hakutoshi, na kwamba hapaswi kumchukia mtu yeyote. Uingereza ilitumia kifo chake kuwahamasisha vijana wajiunge na jeshi. Sanamu yake karibu na Trafalgar Square, London, ilizinduliwa mwaka 1920. Maneno yale ya usiku wa mwisho hayakuwepo. Yaliongezwa mwaka 1924.