Mama Trowell: Mtunzaji wa Makumbusho na Mwalimu wa Wachoraji

Tumezoea kusimuliana maisha ya viongozi, wamisionari na wanasayansi. Safari hii nimeonelea niwaletee habari za mama mmoja aliyetunza makumbusho na kufundisha uchoraji, Marehemu Margaret Trowell wa Makerere. Nimemchagua kwa kuwa jambo alilolihangaikia linatuhusu sana sisi wa Ufipa, kama mtakavyoona mbele.

Mama Trowell alizaliwa London mwaka 1904, akasomea uchoraji katika chuo cha Slade mjini humo, kisha akasomea ualimu. Aliolewa na daktari, Hugh Trowell, na mwaka 1929 wakaja Kenya. Huko ndiko alikoanza kuzipenda kazi za mikono za wenyeji. Mwaka 1935 mumewe alihamishiwa Uganda, na baada ya miaka miwili mama huyu akaanza kufundisha uchoraji barazani kwake, Mulago, Kampala. Mwaka 1938 kazi za wanafunzi wake zilionyeshwa Namirembe, na mwaka 1939 zikapelekwa kuonyeshwa London. Hivyo ndivyo somo la sanaa lilivyoota mizizi Makerere.

Wakati huo Uganda ilikuwa na makumbusho yaliyofunguliwa mwaka 1908. Kwa muda mrefu yalikaa katika jumba dogo juu ya kilima cha Old Kampala. Ndani yake mlikuwa na hirizi na vifaa vya waganga, na kwa ajili hiyo Waganda waliliita Enyumba ya Mayembe, yaani nyumba ya hirizi. Wengi waliliogopa. Vitu vilikuwa vimetolewa mikononi mwa wenyewe na kurundikwa mahali ambapo wenyewe hawakupenda kukanyaga.

Mwanzoni mwa miaka ya 1940 makumbusho hayo yalihamishiwa Makerere, na Mama Trowell akayatunza katika miaka ile ya vita. Hapo ndipo naona ubora wake. Ngoma, vyungu, vikapu na nguo za magome ya miti vikawa jirani na vijana waliokuwa wakijifunza kuchora na kuchonga. Kijana wa Makerere aliweza kutazama kazi ya bibi mfinyanzi na kuihesabu kuwa ni elimu, sawa na elimu ya vitabuni. Mwaka 1948 makumbusho yalipata mtunzaji wa kuajiriwa, Klaus Wachsmann, mtaalamu wa muziki aliyetoka Ujerumani, na mwaka 1954 yakahamia katika jengo jipya kilimani Kitante, ambako yapo hadi leo. Mama Trowell na Wachsmann waliandika pamoja kitabu kikubwa juu ya kazi za mikono za makabila ya Uganda, kilichotolewa mwaka 1953. Kitabu hicho kinaeleza jinsi vitu vinavyotengenezwa, tangu nyumba hadi zana za uvuvi.

Matunda ya kazi yake tunayajua. Gregory Maloba wa Kenya ndiye aliyechonga Mnara wa Uhuru wa Kampala wa mwaka 1962. Elimo Njau, mwana wa Marangu, alichora picha kubwa katika kuta za kanisa la Murang'a. Ndugu yetu Sam Ntiro, mwana wa Machame, alikwenda Slade, chuo kile kile alichosoma mwalimu wake. Mwaka 1960 jumba la makumbusho ya sanaa ya kisasa la New York lilinunua picha yake ya mwaka 1956 inayoonyesha wanaume wakipeleka pombe ya ndizi kwa bibi harusi usiku. Baadaye Ntiro akawa Balozi wetu London, na akaitumikia sanaa ya Tanzania hadi alipofariki mwaka 1993.

Hata hivyo, sifa zisitufumbe macho. Mama Trowell aliamini kwamba Mwafrika achore maisha ya kwao kwa namna ya kwao, na aliogopa kwamba mafunzo mengi ya Kizungu yangemharibu. Nia ilikuwa njema, lakini aliyeamua ipi ni namna ya Mwafrika alikuwa yeye mgeni. Alipostaafu mwaka 1958, Cecil Todd aliyemfuata aliwafungulia wanafunzi sanaa ya dunia nzima. Wasomi wamebishana juu ya jambo hili kwa miaka mingi. Mimi naona wote wawili walikuwa na sehemu ya ukweli: mwanafunzi aijue kazi ya babu yake na ya dunia, kisha achague mwenyewe.

Mama Trowell alifariki mwaka 1985, na shule ya sanaa ya Makerere inaitwa kwa jina lake.

Sasa turudi nyumbani. Wazee wetu wa Ufipa walijenga malungu, matanuri ya udongo yenye urefu wa kumpita mtu, yaliyovuta hewa yenyewe kwa matundu ya chini pasipo kuvukutwa. Chuma kilichotoka humo kilisafishwa katika tanuri dogo, kisha kikafuliwa kuwa majembe. Bondeni Rukwa walifuma nguo za pamba. Ufundi huo ulikoma majembe na nguo za dukani zilipoenea, na malungu yaliyosalia yanabomolewa na mvua na kilimo. Hapa hatuna mgeni wa kumlaumu wala wa kumngojea.

Nanyi wadogo zetu mlio madarasani, likizo hii mkifika kwenu waulizeni wazee. Chora lungu ulionalo, lipime, andika jina la kijiji na jina la ukoo uliolijenga. Kisha leteni kazi hiyo shuleni, itundikwe ukutani, mwenzenu wa mwaka kesho aanzie hapo.